Kufundisha watoto na jamii kuhusu misitu na usimamizi wake endelevu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa walimu, viongozi wa vikundi na maofisa wanaofanya kazi na watu wanaoishi karibu na msitu. Majibu mengine ni marefu kwa sababu ndipo kazi inapokwama mara nyingi.

Msitu ni nini hasa? Miti mingapi inatosha kuitwa msitu?

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, huhesabu kuwa msitu eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti inayoweza kufikia kimo cha zaidi ya mita 5, na ambalo vivuli vya miti hiyo hufunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Bustani za miti ya matunda hazihesabiwi. Kwa kipimo hicho, tathmini ya FAO ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa dunia ina hekta bilioni 4.06 za misitu, yaani asilimia 31 ya nchi kavu.

Kuna jambo ambalo mwalimu asilipite haraka. Maana hiyo inajumuisha pia mashamba ya miti ya mbao yaliyopandwa kwa mistari. Shamba la aina moja ya mti na msitu wa asili vinaweza kuingia kwenye hesabu moja, ilhali havifanani kabisa chini ya vivuli vyake. Ukiweza, peleka wanafunzi sehemu zote mbili siku moja. Kila kundi lipime mraba wa mita 1 kwa mita 1 sakafuni, lihesabu aina za mimea na wadudu, na lipime kwa rula unene wa majani yaliyooza. Baada ya nusu saa hutahitaji kueleza tofauti.

Je, tuanze kwa kupanda miti?

Hapana, ingawa ndivyo wengi wanavyoanza. Siku ya kupanda miti huleta picha nzuri, watoto hurudi nyumbani wamefurahi, na wanabaki wakiamini kwamba msitu hutengenezwa kwa asubuhi moja. Somo zuri huanza na msitu uliopo: una nini, unakua kwa kasi gani, nani anautegemea, na kinachotolewa ni kiasi gani. Kupanda kuje baadaye, pale ambapo wanafunzi wenyewe wamegundua pengo na wanajua nani atamwagilia na kupalilia kwa miaka miwili ijayo.

Kama unataka tarehe ya kuanzia kalenda yako, tarehe 21 Machi ni Siku ya Kimataifa ya Misitu, iliyotangazwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2012. Itumie siku hiyo kupima miti ileile kila mwaka.

Namweleza mtoto vipi maana ya usimamizi endelevu?

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi huko Saxony, Ujerumani, aliandika kwamba mbao zikatwe kwa kadiri msitu unavyoweza kuzirudisha, kwa sababu tanuri za kuyeyushia madini zilikuwa zinamaliza kuni. Mtoto hahitaji historia hiyo, anahitaji mchezo.

Chukua kokoto 60 uziweke kwenye sahani. Kokoto ni miti, na wachezaji ni watano. Kila raundi, kila mmoja anaandika kwa siri idadi anayotaka kuvuna, nawe unatoa jumla yao. Kisha msitu unakua: kila kokoto mbili zilizobaki zinaongezewa moja. Lakini sahani haiwezi kuzidi 60, maana ardhi ina mwisho. Raundi tatu za kwanza hakuna kuzungumza.

Wachezaji wakichukua 6 kila mmoja, zinatoka 30. Zinabaki 30, zinaongezeka 15, unapata 45. Raundi ya pili zinatoka tena 30, zinabaki 15, zinaongezeka 7, jumla 22. Raundi ya tatu hazitoshi, na ugomvi unaanza. Usiuzime haraka, hapo ndipo somo lilipo. Anzisha upya, safari hii waruhusu kuzungumza na kutunga kanuni. Mara nyingi watafika kwenye 4 kila mmoja: zinatoka 20, zinabaki 40, zinaongezeka 20, na sahani inarudi 60 milele. Sasa waulize: mkichukua 2 tu kila mmoja, je? Zitabaki 50, zingeongezeka 25, lakini sahani hujaa kwenye 60. Wengine watasema 15 zimepotea. Ongezea kwamba katika msitu halisi hizo "zilizopotea" ni miti mizee yenye mashimo ya ndege na magogo yanayorutubisha udongo. Waache waamue kama ni hasara.

Kosa la kawaida ni mwalimu kutoa jibu la 4 mapema. Kosa jingine ni kucheza raundi moja tu.

Watoto wa umri gani wafundishwe nini?

Wa miaka 5 hadi 7 hujifunza kwa mikono. Mfunge mtoto macho, mpeleke kwenye mti mmoja aupapase gome, mizizi na matawi ya chini, mrudishe kwa njia ya mzunguko, kisha afungue macho na kuutafuta. Dakika 40 zinawatosha.

Wa miaka 8 hadi 11 wanapenda kuhesabu na kupanga: kokoto, majani, vipimo vya mzingo, ramani. Kuanzia miaka 12 wanaweza kupima msitu kwa usahihi na kubishana juu ya nani avune nini. Wasiwe wasikilizaji tu katika umri huo. Takwimu zao zikipimwa vizuri, kamati ya msitu inaweza kuzitumia.

Tunapimaje msitu bila vifaa vya gharama?

Kamba, futikamba ya fundi cherehani, fimbo, kipande cha kadibodi na daftari vinatosha.

*Unene.* Shina hupimwa kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, ambacho ni kimo cha kifua cha mtu mzima. Kata fimbo ya mita 1.3 ili kila mtu apime mahali pamoja, kwa sababu vifua vya watoto havilingani. Kwenye mteremko, simama upande wa juu. Zungusha futikamba bila kulegea, soma mzingo, gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Mzingo wa sentimita 94 ni kipenyo cha karibu sentimita 30. Mti uliogawanyika chini ya mita 1.3 uhesabiwe kuwa miti miwili. Kama kuna mizizi bapa iliyopanda shinani au nundu, pima juu yake mahali shina linaponyooka, uandike ulipopima. Makosa makubwa hapa ni mawili: futikamba kuinama upande mmoja, na kupima juu ya mmea unaotambaa shinani.

*Kimo.* Shika fimbo wima mkono ukiwa umenyooka, sehemu iliyo juu ya ngumi iwe sawa na urefu kutoka jicho hadi ngumi. Rudi nyuma hadi fimbo ifunike mti wote, ngumi ikiwa usawa wa kitako cha shina na ncha ikiwa usawa wa kilele. Umbali kati yako na mti ndio kimo chake. Njia hii inataka ardhi tambarare. Kwenye mteremko, tembea kuufuata mlima kwa upande, usipande wala kushuka.

*Idadi.* Piga kigingi, funga kamba ya mita 5.64, zunguka. Duara hilo lina mita za mraba 100, kwa hiyo miti iliyomo ukiizidisha kwa 100 unapata makadirio ya hekta moja. Duara la 5.64 linafaa kwa miche na miti michanga. Kwa miti mikubwa tumia kamba ya mita 12.62, ambayo ni mita za mraba 500, na uzidishe kwa 20. Kamba ishikwe mlalo hata ardhi ikiinama, la sivyo duara litakuwa dogo kuliko unavyodhani. Mti ulio mpakani uhesabiwe kama katikati ya shina lake imo ndani.

Na tafadhali, vigingi visiwekwe pale panapopitika kirahisi. Karibu na njia ndipo watu hukata zaidi, na vipimo vya hapo vitadanganya. Chora gridi juu ya ramani kwanza, kisha nenda alama inapokupeleka, hata kama ni vichakani.

*Msongamano.* Hii ndiyo njia inayowasisimua vijana kuliko zote. Mtaalamu wa misitu wa Austria, Walter Bitterlich, aliivumbua katika miaka ya 1940. Kata pengo la sentimita 1 kwenye kadibodi, funga uzi wa sentimita 50. Shika mwisho wa uzi karibu na jicho, nyoosha, geuka duara kamili ukitazama kila shina kwenye kimo cha kifua kupitia pengo. Shina linaloonekana pana kuliko pengo unalihesabu, linalolingana nalo kabisa ni nusu, jembamba unaliacha. Kila shina ulilohesabu ni sawa na mita ya mraba 1 kwa hekta ya eneo la nyuso za mashina, kama yote yangekatwa mlalo kwenye kimo cha kifua. Ukihesabu 18, basi ni mita za mraba 18 kwa hekta. Rudia mahali pengi, chukua wastani. Uzi ukilegea hata kidogo jibu linapotoka.

Kisha tunajuaje kiasi cha kuvuna?

Chagua miti mingi ya unene tofauti, ipige alama ya rangi palepale unapopima, upime mzingo kila mwaka mwezi uleule. Msimu una maana: shina huvimba kidogo wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, hivyo vipimo vya misimu tofauti haviwezi kulinganishwa. Usitegemee duara za ndani ya shina kuhesabu umri kila mahali. Katika nchi za joto zisizo na baridi kali, miti mingi haiweki duara moja kwa mwaka.

Kwa mfano wa darasani, chukulia msitu wa hekta 50 unaokua kwa mita za ujazo 2 kwa hekta kila mwaka. Ukuaji wote ni mita za ujazo 100. Je, zivunwe 100? Hapana. Sehemu ya ukuaji huo iko kwenye miti midogo, sehemu kwenye aina zisizofaa, sehemu kwenye maeneo yasiyoguswa kando ya mito. Vipimo vyenu navyo vina kosa, na mwaka wa moto au upepo mkali haujulikani. Kikundi kinachoanza kikichukua 50 hadi 60 kitalala usingizi. Baada ya miaka mitano ya vipimo wanaweza kurekebisha.

Kiasi pekee hakitoshi. Waamue pia miti *ipi*. Wavunaji wakiachiwa wachague wenyewe, watachukua iliyonyooka na kuacha iliyopinda, na miaka 30 baadaye mbegu zote zitakuwa za iliyopinda. Wapige rangi miti mama iliyo bora, iliyotapakaa msitu mzima, kabla shoka halijaingia.

Je, tuwafundishe watoto kwamba kukata mti ni kosa?

Tunapinga hilo waziwazi. Mtoto anayelala chini ya paa la mbao na kula chakula kilichoiva kwa kuni akiambiwa kukata mti ni kosa, atajifunza kwamba somo ni la shule na maisha ni kitu kingine. Mfundishe kukata vizuri.

Mti unaochipua ukatwe chini, sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, kwa msumeno, mkato ukiinama kidogo ili maji yasituame. Kisiki kirefu huchipua juu, na machipukizi ya juu hung'oka na upepo. Shoka butu hupasua gome, ukungu unaingia. Wakati mzuri ni mwisho wa kiangazi, mvua zikikaribia. Si kila aina huchipua. Misonobari mingi haichipui, na hiyo ikikatwa imekwisha hadi ipandwe.

Wanaochuna magome ya dawa wafundishwe kwa mchoro wa shina. Chini ya gome kuna mirija inayoshusha chakula kutoka majani hadi mizizi. Ukichuna kuzunguka shina lote, mizizi inakosa chakula na mti unakufa polepole, wakati mwingine baada ya mwaka, hivyo mchunaji haoni uhusiano. Chukua ukanda mwembamba wa wima, upande mmoja tu, na usirudi mti huohuo hadi kovu lifunge.

Tulipanda miche mingi na karibu yote imekufa. Kwa nini?

Chunguza kwa mfuatano huu: ng'oa mche mmoja uliokufa na mara nyingi utapata jibu.

Angalia kama kiriba cha plastiki bado kipo mizizini. Hutokea zaidi ya watu wanavyokiri, hasa wapandaji wakiwa wengi na msimamizi mmoja. Halafu tazama mizizi: ikiwa imejikunja kama chemchemi, mche ulikaa kitaluni muda mrefu mno au viriba havikuinuliwa mara kwa mara kukata mizizi iliyotoboa chini. Mche wa namna hiyo unaweza kuishi mwaka au miwili kisha ukaanguka. Tatu, shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, iwe usawa wa ardhi; ikizikwa inaoza, ikiachwa juu mizizi inakauka.

Kama mche wenyewe uko sawa, shida ni wakati au matunzo. Panda udongo ukishalowa hadi kina cha shimo, si baada ya mvua ya kwanza. Mche wa kimo cha sentimita 30 wenye shina imara ni bora kuliko wa sentimita 70 uliodhoofu. Wiki 4 hadi 6 kabla ya kuupanda, uzoeshwe jua kali na upunguziwe maji taratibu. Shimo la sentimita 30 kwa 30 kwa 30 linafaa udongo laini; penye udongo mgumu lifike 45. Udongo wa juu uwekwe kando na urudishwe kwanza, mizizini. Palilia nusu mita kila upande, kwa sababu majani humnyang'anya mche maji kuliko wengi wanavyofikiri. Mifugo isipozuiwa, yote haya ni bure.

Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 inaingia miche 1,111 kwa hekta. Mita 2 kwa 2 inaingia 2,500. Usipande zaidi ya unavyoweza kupalilia. Hesabu iliyo hai baada ya miezi 3 na baada ya miezi 12, na namba hiyo ya pili ndiyo ya kutangaza.

Hatuna fedha za kitalu. Kuna njia nyingine?

Ipo, na mahali pengi ni bora. Ardhi inayoonekana tupu mara nyingi ina visiki na mizizi hai chini. Njia hii wengi huiita kisiki hai. Tafuta visiki vinavyochipua, chagua machipukizi 3 hadi 5 yaliyonyooka na yenye nguvu, kata mengine yote. Yale yaliyobaki yapogolewe matawi ya chini, lakini yasizidi nusu ya kimo. Rudi kila baada ya miezi michache kuondoa machipukizi mapya, na usiwaruhusu mbuzi. Huko Niger, Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, na wakulima walianza kuieneza kuanzia mwanzo wa miaka ya 1980, na imerudisha miti kwenye takriban hekta milioni 5.

Mizizi tayari ipo, ndiyo maana chipukizi hustahimili ukame ambao mche wa kitalu haungeuweza. Lakini mahali palipolimwa kwa trekta miaka mingi au palipojaa mmea vamizi mmoja, visiki havipo, na hapo kitalu ni lazima.

Tunaonyeshaje uhusiano wa msitu na maji?

Chukua chupa tatu kubwa za plastiki, zilaze, zikate dirisha upande wa juu, zijaze udongo uleule. Ya kwanza iache tupu, ya pili ifunikwe majani makavu, ya tatu iwe na nyasi zilizopandwa wiki kadhaa kabla. Ziinamishe sawa, mimina nusu lita ya maji taratibu kwa kopo lenye matundu, kinga yanayotoka mdomoni. Rangi ya maji itaeleza yenyewe. Nyasi zikiwa hazijashika mizizi jaribio linaharibika, kwa hiyo anza mapema.

Msitu wenyewe nao hunywa maji mengi, na watu wazima wanajua. Miti inayokua haraka ikipandwa kwa wingi juu ya chemchemi ndogo inaweza kuipunguza. Usiwafiche, wataacha kukuamini.

Ni kweli misitu ndiyo inayotupa hewa ya kuvuta?

Hapana, na inatuuma kuona kosa hili kwenye mabango ya shule. Msitu uliokomaa hutumia karibu oksijeni yote unayotoa, kwa kupumua na kwa kuoza kwa majani na magogo. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa na haiko hatarini. Sababu halisi za kutunza misitu zinatosha: karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, na kila tani ya kaboni ikiungua inakuwa tani 3.67 za kaboni dioksidi.

Watu wazima hawaji kwenye mikutano, au wanakuja na hawazungumzi. Tufanyeje?

Tazama kwanza saa na mahali. Mkutano wa saa nne asubuhi msimu wa kulima unawapata wasio na shamba. Wanaochota kuni, ambao mahali pengi ni wanawake na wasichana, ndio wanaojua umbali wa kuni umeongezeka kiasi gani. Wakikosekana mnapanga gizani. Kutana nao peke yao kabla ya mkutano mkubwa.

Kisha acheni hotuba. Chora msitu ardhini kwa fimbo, mpe kila mtu jiwe, kila mmoja aweke anapochukua kitu. Rudia ramani ya miaka 20 iliyopita kwa msaada wa wazee. Tofauti ya ramani mbili huzungumza.

Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zilizotunza mali ya pamoja kwa vizazi na kuona mambo yanayojirudia: mipaka iliyo wazi, kanuni zinazotungwa na watumiaji wenyewe, wasimamizi wanaowajibika kwa watumiaji, adhabu inayoanza ndogo na kupanda, na njia nafuu ya kusuluhisha ugomvi. Tunakazia la adhabu. Faini kubwa kwa kosa la kwanza haitozwi, kwa sababu mlinzi anamwonea huruma jirani yake, na kanuni isiyotozwa mara mbili imekufa.

Usalama je?

Mtu mzima mmoja kwa watoto wasiozidi 15, na wawili wakiwa wadogo. Viatu vya kufunika, filimbi, maji, sanduku la huduma ya kwanza. Pita njia siku moja kabla ukitafuta mizinga ya nyuki, nyigu na matawi yaliyokauka juu. Upepo ukianza kuvuma kwa nguvu, tokeni. Uliza mapema nani ana mzio wa nyuki. Watoto wasikae kwenye magogo bila kuyagonga kwa fimbo kwanza.

Tutajuaje kwamba wamejifunza?

Usiwape mtihani wa maneno. Wapeleke kwenye sehemu ya msitu wasiyoijua, wape kamba, futikamba na saa mbili, uwaulize miti mitatu wangeikata na mitatu wasingeigusa, na kwa nini. Anayeutaja mti mama, anayeangalia umbali wa mto, anayeuliza nani ana haki ya eneo hilo, huyo ameelewa. Kwa jamii, angalia daftari la kamati: kama limeandikwa na zaidi ya mtu mmoja, kama lina tarehe za doria na kiasi kilichovunwa, na kama kuna walau faini moja iliyotozwa kwa mtu mwenye cheo.